Kipa Aliyevua Kofia

"Shangazi, siku ile Florimond alivua kofia kwa ajili ya kengele au kwa ajili yako?"

Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza Shangazi Zulma swali hilo. Tulikuwa jikoni kwake, supu ya vitunguu inatoa mvuke mezani, na mumewe Florimond yuko uani akiwalisha njiwa. Shangazi aliutazama mlango wa uani, akanitazama mimi, akakata kipande kinene cha mkate na kukisukuma mbele yangu.

"Kula," akasema.

Mji mzima ulikuwa na jibu la swali hilo. Babu alikuwa na lake, wateja wa baa ya Jogoo walikuwa na lao, na walilitetea kwa kupiga meza mpaka glasi zikaruka. Ambaye hakutoa jibu alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa amesimama nyuma ya goli.

Mambo yenyewe yalitokea mwaka 1912. Wakati huo mji wetu wa Wervelin, huku kaskazini karibu na mpaka wa Ubelgiji, ulikuwa na timu tatu za mpira, na hakuna iliyowahi kucheza na nyingine. Ukitaka kuwaudhi wazee wa hapa, waulize ipi ilikuwa bora. Watoto wa wenye viwanda walikuwa katika Umoja, chama cha mabwana wa Paris ambacho kilimfukuza yeyote aliyecheza na watu wa nje. Vijana wa parokia, timu ya Nyota, walikuwa katika shirikisho la Wakatoliki. Wafanyakazi waliovalia nguo zao za mpira katika chumba cha nyuma cha baa ya Jogoo walikuwa katika Ligi, iliyoanzishwa na klabu zilizogombana na Umoja zikatoka. Kila upande na kombe lake, kila upande na bingwa wake wa Ufaransa. Shuleni niliposikia kwamba nchi moja ilikuwa na mabingwa kadhaa kwa mwaka mmoja, nilidhani mwalimu amekosea.

Zulma wakati huo alikuwa na miaka ishirini na miwili, mparuzi, yaani mkaguzi wa vitambaa, katika kiwanda cha sufu. Kitambaa kilipita juu ya meza iliyoinama mbele ya dirisha, naye akakipapasa akitafuta uzi uliokatika, akiuona anaushona. Kazi yake ilikuwa kutokiamini kitambaa. Akitoka kazini aliendelea vilevile. Alipapasa mikate sokoni, alipapasa habari za majirani, na tangu achumbiwe alimpapasa Florimond Castelin kwa macho kila Jumatatu asubuhi.

Uchumba wenyewe ulikuwa umetoka kanisani. Baba yake Zulma, yaani babu yangu Mzee Théodule, alikuwa mpiga kengele wa kanisa la Mtakatifu Eligi. Mwaka 1906, serikali ilipotuma watu kuja kuandika mali ya kanisa, alijifungia ndani na kuziba mlango kwa viti. Nje, Bwana Hector, mwenye baa ya Jogoo, alisimama na bia mkononi akiwaelekeza askari mahali pa kupiga shoka. Tangu siku hiyo Mzee hakupita tena upande ule wa barabara wenye baa. Na kijana aliyekuwa ndani pamoja naye, akibeba viti viwili viwili, alikuwa Florimond.

Harusi ilipangwa Juni. Mzee alitoa sharti lake mezani, kisu cha jibini kikiwa mkononi.

"Mlevi nitamvumilia," alisema. "Mvivu nitamwamsha. Lakini mtu wa Ligi hatakaa meza moja na mimi, na binti yangu hatalala nyumba moja naye. Umesikia, Florimond?"

"Nimesikia, baba."

Alisikia vizuri, na hata hivyo alikuwa na siri yake.

Florimond alikuwa kipa wa akiba wa Nyota. Kipa wa kwanza alikuwa mtoto wa mwenye duka la dawa, ambaye ndiye aliyenunua nyavu. Msimu mzima Florimond alisimama pembeni na makoti ya wenzake mikononi. Sasa mtu wa kushika makoti anachunika viwiko vipi?

"Umeumia wapi?" Zulma alimuuliza Jumatatu moja ya Februari.

"Nimeteleza kwenye ngazi ya njiwa, kwa binamu."

"Viwiko vyote viwili?"

"Ngazi ina pande mbili."

Zulma alinusa koti lake. Bia, na tumbaku ya kiko. "Na hao njiwa wa binamu yako wameanza kuvuta lini?"

Florimond alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, cha mtu asiye na hatia, na hilo ndilo lililomtia Zulma wasiwasi zaidi. Siku chache baadaye alikutana sokoni na binamu mwenyewe, ambaye alimwambia bila kuulizwa, "Mwambie mchumba wako njiwa wamemsahau sura. Tangu Sikukuu ya Watakatifu Wote hajakanyaga kwangu."

Kazini, meza ya pili, alikaa Léocadie, mwanamke aliyezika waume wawili na kuwajua wote kwa undani.

"Shoga, anarudi Jumapili jioni akoje?" aliuliza Léocadie, bila kuinua uso.

"Msafi. Nywele zimelowa."

"Mwanamume wa huku anayeoga Jumapili jioni? Huyo ana mtu."

"Florimond?"

"Hao wapole ndio hasa. Mume wangu wa pili alikuwa hawezi kuua nzi. Au labda wako amezidi dini, anabatizwa kila wiki."

Wanawake wa meza zote wakacheka. Zulma akacheka pia, akashona uzi mahali ambapo hapakuwa na tundu.

Alianza kuwatazama wasichana wa kiwanda mmoja mmoja. Yupi alinyamaza yeye akipita? Yupi alikuwa na kitambaa kipya cha shingo? Kila mmoja alikuwa na kitu cha kutiliwa shaka, mpaka akachoka. Halafu, mwezi wa Aprili, wabeba marobota walikuwa wakipita na mkokoteni huku wakibishana, na maneno yao yakaanguka juu ya meza yake.

"Jogoo mwaka huu wanachukua kaskazini yote. Wamepata kipa."

"Yule Mbelgiji?"

"Ndiye huyo, Bubu. Anakuja na kofia yake ya sufu mpaka kwenye nyusi, anadaka, anaoga, anakunywa moja, anaondoka. Hatoi neno. Ukimsalimia anatikisa kichwa kama farasi."

"Anavuka mpaka kila Jumapili?"

"Nani ajuaye anatoka wapi. Ilimradi anadaka."

Sindano ya Zulma ilisimama.

Jumapili iliyofuata Nyota, ambao hucheza asubuhi, hawakuwa na mechi. Baada ya masifu, ambayo Jumapili huimbwa alasiri, Florimond alimbusu Zulma shavuni, akasema anakwenda kwa binamu kuwaona njiwa, akashika njia. Zulma alimpa nafasi ya kufika kona, akajifunga shali ya mama yake kichwani, akaondoka kwa njia ya mfereji, pale ambapo maji yana rangi ya kitambaa kilichotiwa rangi wiki hiyo. Uwanja wa Jogoo uko nyuma ya kiwanda cha rangi. Hakuwa amewahi kuingia. Msichana wa sakristia, wa upande wa kanisa, kwenda kwa Jogoo ilikuwa sawa na kuingia baa kupitia mlango wa mbele.

Treni ya wageni ilikuwa imechelewa, kwa hiyo mchezo ulianza jua likiwa limeanza kushuka. Zulma alisimama nyuma ya goli, kwenye tope, mahali ambapo hakuna mtu aliyetaka kusimama. Nusu ya pili ilipoanza kila timu ilikuwa na bao moja, na Jogoo walihitaji sare tu wawe mabingwa wa Ligi kaskazini.

Mbelgiji sasa alikuwa mbele yake, hatua chache, mgongo umeinama. Kofia mpaka kwenye nyusi, skafu mpaka kwenye kidevu. Zulma akaanza kumpapasa kwa macho kama alivyopapasa sufu. Mabega, labda. Namna ya kutema mate kwenye viganja, labda. Kila kijana hutema mate kwenye viganja. Halafu mpira ukapigwa chini, kulia kabisa, naye Mbelgiji akaruka, akaanguka kwa kiwiko, na mpira umo mikononi. Uwanja ukanguruma. Zulma alijikuta ameziba mdomo kwa mkono. Hakuwa amejua kwamba mwanamume wake anaweza kufanya hivyo. Kule Nyota walikuwa wamemfanya kigingi cha kutundikia makoti.

Kwa hiyo hapakuwa na mwanamke. Alingoja afurahi, furaha haikuja. Mwanamke angejua la kumfanya. Lakini Ligi, huyo ni mpinzani gani, na baba yake yuko mnarani na kamba mkononi, na harusi ni Juni?

Mpira uliofuata ulitoka nje, ukabingirika kwenye tope mpaka miguuni pake. Aliuokota. Mbelgiji akaja kuuchukua, akainua macho, akamwona.

Akanyoosha mikono. Akasema asante, kwa lafudhi ya Kibelgiji.

"Harusi ni Juni, Bubu," alisema Zulma polepole, akamkabidhi mpira.

Aliupokea. Alirudi golini, na kati ya kofia na skafu shingo yake ilikuwa nyekundu kama tofali.

Hapa lazima niseme jambo la Nyota ambalo watu wa nje hulicheka. Vijana wa parokia walifanya mazoezi siku za kazi, jioni. Saa kumi na mbili kengele ya sala ya Malaika wa Bwana ilipolia, padri msaidizi hakuhitaji kupiga filimbi. Kila mchezaji alisimama pale alipokuwa, akageukia mnara, akavua kofia, akatulia mpaka pigo la mwisho. Mpira ukiwa hewani uliachwa uanguke peke yake. Florimond alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa na miaka tisa.

Mchezo ulikuwa unakaribia kuisha. Mshambuliaji wa wageni, mtu mwekundu mwenye mapaja mazito, alikuwa amempita beki wa mwisho na anakuja. Na Mzee Théodule, kule juu, akavuta kamba.

Mapigo matatu. Kipa wa Jogoo akasimama wima. Akageuka, akaupa uwanja mgongo, akavua kofia na kuiweka kifuani. Mnara wa Mtakatifu Eligi uko upande huo wa goli. Zulma naye alikuwa amesimama upande huohuo, kati yake na mnara. Nywele za kipa zilikuwa zimesimama, uso una tope, na macho yalikuwa yanamtazama Zulma au yanatazama juu yake kidogo tu, Zulma hakuweza kujua. Mpira ulipita karibu na goti la kipa ukagonga wavu. Florimond hakutikisika. Mapigo matatu mengine, na matatu mengine, na ule mlio mrefu wa mwisho, naye yuko palepale bila kofia mbele ya mji mzima.

Wachezaji wakageuka kumtazama kipa. Halafu mzee mmoja pembeni akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu si Mbelgiji. Huyu ni mtoto wa sakristia."

Mechi iliisha hivyo, ubingwa umepotea, na Jogoo walimpeleka chumba cha nyuma cha baa. Hawakumpiga. Walimweka juu ya pipa, wakasimama kumzunguka, viatu vya mpira bado miguuni, na Bwana Hector mbele yao.

"Padri amekuahidi nini?" aliuliza Hector.

Florimond aliikunja kofia magotini.

"Msimu mzima unakula chumvi yetu, na siku ya ubingwa unageuza mgongo. Wamekutuma, sema. Walikutuma tangu mwanzo?"

"Muulize kwa Kibelgiji, labda ataelewa," alisema mmoja, na hapakuwa na aliyecheka.

Hapo mlango wa mbele ulifunguliwa. Zulma aliingia, akapita katikati ya meza na viko na glasi, shali imeanguka mabegani, kila mtu anamtambua binti wa mpiga kengele. Akafika chumba cha nyuma.

"Bwana Hector, habari za jioni."

"Umepotea njia, binti. Kanisa ni upande ule."

"Nimemfuata mchumba wangu. Mnamgombeza bure. Kofia aliivua kwa ajili yangu."

Hector alimtazama juu mpaka chini. "Kwa ajili yako?"

"Nilikuwa nyuma ya goli. Nilimpa mpira, mlimwona akija kuuchukua. Tulikuwa tumegombana. Mwanamume mwenye adabu akimwona mchumba wake anafanyaje, anakaa na kofia kichwani?"

"Mshambuliaji akiwa anakuja?"

"Bwana Hector, wewe hujawahi kuchumbia?"

Hector aligeuka kuwatazama vijana wake. Halafu beki wa kushoto, mtu mkubwa mwenye jino moja la mbele, akaanza kutetemeka mabega, na kicheko kikashika chumba kizima. Wakamwita Florimond kipa wa mapenzi. Wakasema hata wao wangefungwa kwa ajili ya macho yale. Hector pekee hakucheka. Aliendelea kumtazama Zulma kama mtu anayepewa bia yenye povu jingi.

"Haya, mchukue," alisema mwishowe. "Hapa hadaki tena. Lakini hatutasema ametuuza."

Habari ilifika nyumbani kabla yao. Mzee Théodule alikuwa amekaa mezani na koti la Jumapili, taa haijawashwa. Florimond alibaki mlangoni. Zulma akaingia peke yake.

"Mwambie huyo asivue viatu," alisema Mzee. "Hakai."

"Sawa, baba. Lakini niulize mimi, nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Kwa Jogoo."

Mzee alikigeuza kiti kumwelekea.

"Kulikuwa na vichwa mia nne pale," alisema Zulma, "pengine zaidi. Kengele yako ilipolia, kofia iliyovuliwa ilikuwa moja."

Mzee aligeukia dirisha, upande wa mnara. Nimemjua babu, na najua alichokuwa anafikiri, maana alinisimulia mwenyewe mara nyingi: kwamba tangu ile siku ya shoka alipanda ngazi za mnara kila siku akiwa na hakika kwamba hakuna anayemsikiliza.

"Alisimama mpaka mwisho?" aliuliza.

"Mpaka pigo la mwisho."

"Hata mpira ulipoingia?"

"Hata mpira ulipoingia. Uliza mtu yeyote wa Hector. Watakwambia kwa matusi."

Mzee alijifuta masharubu kwa mkono wa koti, akainuka akawasha taa. "Mwambie avue viatu," alisema. "Vina tope."

Baadaye, Florimond alipokuwa akiondoka, Zulma alimsindikiza mpaka kwenye pampu ya maji.

"Umewaambia nini?" aliuliza Florimond.

"Ukweli."

"Kwa Hector au kwa baba?"

"Kote kuwili. Usiku mwema, Bubu."

Zulma alisubiri aongeze neno. Florimond alimtazama kwa kichwa kilichoinama upande, kama yeye ndiye sasa anayemtilia mwenzake shaka, akacheka kile kicheko chake, akaenda.

Nyota walimfungia. Jogoo hawakumtaka. Waliooana Juni walikuwa mparuzi wa sufu na kipa asiye na goli. Hector alituma pipa la bia. Babu hakulinywa, lakini hakulirudisha. Kabla harusi haijamalizika, hadithi mbili zilikutana. Mgeni mmoja akasifu ucha Mungu wa bwana harusi, mwingine akauliza ucha Mungu gani, yule alikuwa anamsalimia mchumba. Wakageuka wote kumtazama Zulma. Zulma akaomba apewe nyama ya sungura zaidi.

Na hapo ndipo shaka yake ya kweli ilipoanza, maana wengine wote walikuwa wamepata jibu na yeye hakuwa nalo. Alikuwa ameolewa na mtu ambaye labda alikuwa anampenda kuliko ubingwa, au labda alikuwa hakumwona kabisa. Jioni, kengele ilipolia, aliinua macho kutoka kwenye sindano kumtazama mumewe. Florimond alivua kofia. Macho yalikuwa kwenye supu. Zulma akajaribu kuhamisha kiti chake upande wa dirisha linalotazama mnara. Florimond akavua kofia, akasema kuna upepo, afunge dirisha. Akajaribu kwenda uani saa hiyo, akachungulia kupitia ufa wa banda la njiwa. Florimond alikuwa hana kofia, na njiwa kifuani.

Vita vikaja. Wajerumani walipoishusha kengele ili wakaiyeyushe, Zulma alikwenda kuitazama ikipita juu ya mkokoteni, na jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba sasa angejua: kama kengele haipo na kofia bado inavuliwa, basi ni kwa ajili yake. Lakini Florimond alikuwa upande wa pili wa mstari wa vita, miaka minne, na barua hazikupita. Alirudi bila vidole viwili vya mkono wa kushoto, na hakudaka tena.

Mwaka 1919, vyama vyote vile vilivyokuwa havisalimiani vilifanywa shirikisho moja. Watu wa hapa hawakuamini. Waliulizana nani amemla nani. Miaka ikapita kabla Nyota na Jogoo hawajapangwa pamoja, na ilipotokea, mwaka huu wa 1923 mwezi Machi, maduka yalifungwa. Babu alikuja upande ule wa barabara kwa mara ya kwanza tangu 1906, akakaa mbali na Hector kadiri uwanja ulivyoruhusu. Matokeo yalikuwa bila kwa bila. Wazee walirudi nyumbani wamenuna, maana bado hawajui nani alikuwa bora.

Mimi sasa nina miaka kumi na sita. Nilisimama na Shangazi nyuma ya goli, kwenye tope. Ng'ambo ya uwanja Florimond alikuwa mshika kibendera, kofia kichwani, anatukanwa na pande zote mbili kwa usawa. Shangazi hakuwa anautazama mpira. Alikuwa anamtazama yeye, macho yamebanwa kidogo, kama anatafuta uzi.

Nikamuuliza tena, kwa maneno yaleyale.

Nilidhani ataniambia nile kitu. Alingoja kona ipigwe na kuokolewa.

"Sijamuuliza," alisema, "na wewe usimuulize. Akisema kengele, nitaumia. Akisema mimi, sitamwamini."